Zawadi Zenye Maelezo

Mtu wa Kilimanjaro anayeishi Dar es Salaam hana Desemba yake mwenyewe. Mwezi huo ni mali ya ukoo. Tiketi za kwenda Moshi zinaanza kusakwa Novemba, na ikifika tarehe 20 kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis watu wanakanyagana, kila mmoja na boksi lake lililozungushiwa kamba. Treni ya abiria iliporejea Moshi Desemba 2019, baada ya miaka zaidi ya 20 bila safari, wengine walihamia huko, lakini maboksi ni yale yale. Ndani mna sukari, mchele, mafuta ya kula, sabuni za mche, doti za kanga, na shati la mzee fulani ambaye hakuna anayejua kipimo chake cha shingo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Deni hili sikuzaliwa nalo, nimeolewa nalo, na miaka yote nimelilipa Kariakoo bila kinyongo. Napenda zawadi ya dukani. Unaikabidhi, mtu anashukuru, mnaendelea kunywa chai.

Mwaka mmoja baba watoto alikaa mezani na kalamu, akajumlisha ada za Januari, sare na nauli ya watu watano kwenda na kurudi, halafu akainua uso na kutangaza kwamba zawadi za Krismasi zitatoka jikoni kwetu. Alikuwa ametazama video ya mama mmoja mwenye jiko jeupe kupita kiasi, anayetengeneza sabuni, mishumaa na chupa za achari, anazifunga utepe, anatabasamu. "Gharama yake ni karibu na bure," akasema. Nikamuuliza karibu kiasi gani. Akaniambia niache kuwakatisha watoto tamaa. Watoto walikuwa wamelala.

Kazi ziligawanywa kesho yake asubuhi. Yeye alijichukulia sabuni. Binti yetu mkubwa, aliyejifunza ushonaji kidogo shuleni, akapewa cherehani. Wa kati akapewa ubuyu. Kitinda mimba akaambiwa achague mwenyewe, maana yake akae mbali na jiko. Mimi nikapewa achari, kwanza kwa sababu ni mtu wa Pwani, pili kwa sababu Desemba ni msimu wa maembe, na mwembe wa jirani matawi yake yote yamekuja upande wetu.

Sabuni ni hesabu. Mafuta yakikutana na kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye maji, yanageuka kuwa sabuni na glisirini, na kila aina ya mafuta ina kiasi chake: kilo moja ya mafuta ya nazi inataka kostiki gramu 183 hivi, kilo moja ya mawese gramu 141 hivi. Fundi anayejiheshimu hupunguza kidogo tena, kama asilimia 5, ili kostiki iishe yote na mafuta yabaki kidogo. Ukizidisha, umetengeneza kitu cha kuchubulia ngozi za wakwe. Haya yote tuliyajua baadaye. Siku ile baba watoto alijua jambo moja tu, kwamba kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Na hilo, tumpe haki yake, alikuwa sahihi. Ukigeuza, ukamwaga maji juu ya kostiki, inaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Alivaa glavu. Alivaa hata miwani ya jua. Kitu ambacho hakuuliza ni chombo.

Alichukua sufuria langu la pilau. Hilo nilipewa na mama yangu mzazi siku ya kufundwa: la aluminiamu, kubwa, la kuinuliwa na watu wawili likiwa limejaa, na limepikia harusi na misiba ya mtaa wetu wote. Akatia maji, akamimina kostiki, akarudi nyuma hatua moja na mikono kiunoni. Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu. Kisha maji yakaanza kunong'ona. Vipovu vya kijivu vikapanda kandokando, vikawa vikubwa, vikawa povu. Maji yakawa meusi. Ukatoka mvuke wa kukaba koo. Na hatua mbili kutoka hapo maharage yetu yalikuwa yakichemka juu ya jiko la gesi.

Aliyetuokoa ni jirani wa ukuta mmoja. Kikundi chake cha VICOBA kilifundishwa na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, ambalo nadhani limekwishafundisha nusu ya wanawake wa nchi hii kutengeneza sabuni. Nusu nyingine imeolewa na wanaume wanaojifunza kwenye video. Harufu ilimfikia kabla sisi hatujaelewa kinachotokea. Akaingia bila hodi.

"Shemeji, zima jiko! Zima jiko kwanza!"

Kumbe kostiki inakula aluminiamu, na ikiwa inakula inatoa haidrojeni, gesi ya kuwaka moto. Jiko likazimwa, madirisha yakafunguliwa, watoto wakatolewa nje. Jirani akasubiri povu litulie, kisha wakalisukuma sufuria uani wakalimwagia maji mengi, mengi mno, huku baba watoto akieleza kwamba kwenye video chombo kilikuwa kinang'aa vile vile. "Kile ni chuma cha pua, shemeji," jirani akajibu bila kumtazama. Lilipopoa nikalijaza maji safi. Kitako kilikuwa cheusi, chenye vijishimo, na mahali palipokwanguliwa na mwiko miaka mingi palikuwa panatona. Fundi wa masufuria alilipiga kiraka, lakini halijapikia tena watu. Kwa bei ya sufuria kama lile ningenunua sabuni za mche za kutosha Marangu nzima, kwao baba watoto.

Jirani akaishika kazi mwenyewe. Ndoo nene ya plastiki, mwiko wa mti, mizani ya jikoni. Walikoroga kwa zamu mpaka ukichota na kudondosha, mstari unabaki juu bila kuzama. Hapo ndipo wakamimina kwenye maboksi ya maziwa yaliyopasuliwa. Kesho yake sabuni zilikatika vizuri, za rangi ya siagi, na baba watoto akazipanga darini akizihesabu kwa sauti.

"Sasa mnazisubiri wiki 4," jirani akasema. "Zikauke, zitulie. Kabla ya hapo zinawasha."

Baba watoto akaitazama kalenda ukutani. Krismasi ilikuwa karibu zaidi ya hapo.

Ndipo nilipoanza kuona tatizo la mradi mzima, na halikuwa la fedha. Zawadi ya kutengeneza haisafiri peke yake. Inasafiri na hotuba. Kitu cha dukani kimekwisha kujieleza kwa karatasi yake na jina lake. Cha nyumbani kinamtaka aliyekitengeneza asimame pembeni aeleze kwa nini kimekuwa hivyo, kitakuwaje baadaye, na ambavyo kingekuwa kama si umeme kukatika. Sabuni tayari ilikuwa na maelezo yake ya kwanza: pokea, asante, usiguse mpaka Januari.

Ubuyu ulifuata. Watu wanaokula ubuyu wa Zanzibar kwa pakiti hawajui kwamba kazi yote iko kwenye shira. Unachemsha sukari na maji pamoja na rangi nyekundu, iliki na pilipili, na kuna dakika moja ambayo shira inakuwa nzito inavyotakiwa. Hapo ndipo unamwaga mbegu zikiwa na unga wake na kugeuza haraka. Mwanangu wa kati dakika hiyo alikuwa getini akizungumza mpira. Alichokitoa jikoni ni jiwe jekundu lenye umbo la sufuria. Tulilivunja kwa mchi. Vipande tukavifunga kwenye vijipaketi, na maelezo yakawa kwamba huu ni wa kufyonza, si wa kutafuna, hasa kwa wazee wenye meno ya kuhesabika.

Mishumaa sitaisema sana. Ilikuwa minyoofu ilipotoka Dar.

Achari yangu, na hapa sijidai, ilikuwa achari. Maembe mabichi yaliyokatwa na ganda lake, yakalala na chumvi usiku, yakaanikwa juani mpaka yakajikunja kingo. Pilipili, kitunguu saumu, haradali, uwatu kidogo, siki, na mafuta ya kufunika juu ili hewa isifike. Kilichonitoa jasho ni chupa. Maembe nimepewa bure, viungo nilikuwa navyo, lakini chupa ya kioo yenye mfuniko mzuri, mpya, Kariakoo inauzwa ghali kuliko kitakachokaa ndani yake. Basi nikaanza kuzunguka mtaani kama mtu anayekusanya mchango wa msiba: chupa za jemu, za siagi ya karanga, za kahawa, hata ya dawa ya kikohozi nikaletewa, nikairudisha kwa adabu. Kila chupa inachemshwa na kukaushwa kabisa, maana tone moja la maji ndani ni ukungu wiki ijayo. Mifuniko ya bati nayo inaliwa na siki, kwa hiyo chini ya kila mfuniko nikaweka kipande cha nailoni. Maelezo: usiitupe hiyo nailoni.

Kitinda mimba peke yake ndiye hakutusumbua. Alitengeneza magari ya waya kwa ajili ya binamu zake, mabasi yenye usukani mrefu wa kuendeshea umesimama, magurudumu ya kukatwa kwenye ndala. Yanapinda kona kweli. Ndala zenyewe zilikuwa za baba yake, mpya, zilizonunuliwa kwa ajili ya safari, lakini hilo ni suala kati yao wawili.

Sasa kanga. Kabatini palikuwa na doti moja nzuri, haijafunguliwa, ambayo nilikuwa nimemwekea mama mkwe. Mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, mwanamke asiyeweza kuona maandishi akayapita bila kuyasoma, hata kwenye gunia la mbolea. Kwa mtu wa aina hiyo kanga inachaguliwa kwa jina kwanza, ua baadaye. Hii ilikuwa imeandikwa MAMA HUNA WEMA USIOKUMBUKWA.

Baba watoto akapiga hesabu. Doti moja ni mtu mmoja. Lakini doti ina vipande viwili, na kila kipande ukikipasua katikati unapata aproni mbili. Aproni nne ni wanawake wanne: mama yake, shangazi yake, dada yake na mke wa kaka yake. Hesabu ilikuwa safi. Binti akatandika kanga sakafuni, akapima. Kanga ina upana wa sentimita 150 hivi na kimo cha 110 hivi, imezungukwa na pindo, katikati mji, na chini ya mji jina lenyewe limelala kwenye kijisanduku chake. Zamani jina hilo liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Husemwa kwamba aliyezizoesha kanga kusema alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake 1887 na ambaye kanga zake bado zina chapa ya Mali ya Abdulla. Karne nzima na zaidi wanawake wamesemeshana kwa kitambaa hicho, wamepatana na kugombana, na katika muda wote huo sidhani kama kuna aliyewahi kuwazia mkasi.

Binti alikata sentimita 75 kutoka kila upande. Katikati barabara. Akapiga pindo, akashona mikanda, akapiga pasi, akakunja kila moja ua likiwa juu, akafunga kwa karatasi na utepe mwekundu. Nilikuwa na chupa zangu jikoni. Nilimsikia baba yake akisema, "Hiyo sasa ndiyo zawadi."

Safari ilikuwa safari. Chalinze, Segera ambako roho yangu kila mwaka inataka kushuka ielekee Tanga, Korogwe, kisha milima ya Upare kulia kwetu na joto la kuivisha ndizi. Kwenye buti la basi mishumaa ilijikunja, mmoja ukamkumbatia mwenzake. Chupa mbili za achari zilivuja ndani ya boksi la sabuni, na sabuni, kwa kuwa bado ilikuwa mbichi, ikanywa harufu yote. Hata leo nikinusa haradali naona mlima.

Marangu tulipokelewa kwa mtori na mbege, na siku ya Krismasi baada ya kanisa ukoo ukakaa uani kando ya migomba. Magari ya waya yalitolewa kwanza, yakaondoka na watoto kihambani, hakuna aliyeuliza chochote. Kisha zikaja karatasi nne zenye utepe.

Mama mkwe akavaa miwani yake, akafungua bila kuchana karatasi, akainua aproni juu kwa mikono miwili ili watu waone. Akaisoma yeye kwanza, kimya. Halafu akaisoma kwa sauti, kwa ile sauti ya kuwaongoza watoto ubaoni.

"MAMA. HUNA. WEMA."

Hata wanywaji wa mbege wakashusha vibuyu.

Kabla mtu hajapata la kusema, shangazi alikuwa ameshafungua ya kwake. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba mkwe, na kwa muda mrefu yeye na mama mkwe walikuwa hawaongei vizuri kwa sababu ya mstari fulani wa migomba. Akaitandaza magotini.

"USIOKUMBUKWA," akasoma. "Yaani mimi ndiye nisiyekumbukwa?"

"Wifi, hiyo ni ngeli ya U," mama mkwe akamjibu, hajaitoa bado aproni hewani. "Mtu angekuwa asiyekumbukwa. Wewe hujatajwa kabisa. Aliyetajwa ni mimi."

Wifi yangu alikuwa amepata MAMA HUNA WEMA ya pili na wanawe wameshaanza kuiimba. Binti yangu alikuwa amejifunika uso kwa kitenge changu. Baba watoto akasimama. Akaeleza. Akaeleza doti, akaeleza nusu, akaonyesha hewani mahali mkasi ulipopita, akasema sentimita 75, akazirudia. Akaomba aproni zote nne ziwekwe pamoja kwenye mkeka ili watu waone sentensi ilivyokuwa nzima na yenye heshima. Watu wakamsikiliza hadi mwisho kama wanavyomsikiliza padri mgeni.

Shangazi akasubiri amalize.

"Baba," akamwambia, "kwa nini usingeniletea tu sabuni?"

"Sabuni ipo, shangazi," akasema baba watoto. "Ila usiitumie mpaka katikati ya Januari."

Aliyeanza kucheka ni mama mkwe. Alicheka mpaka miwani ikashuka, akaikunja aproni, akaifungua tena, akaisoma tena akacheka upya. Akasema miaka yote ya kufundisha hajawahi kuona mkato ukifanya kazi kubwa namna hiyo. Kisha akajifunga ile aproni kiunoni, akamvuta wifi yake kwa mkono, akamwambia na yeye ajifunge, wasimame pamoja wapigwe picha, sentensi ipate kukamilika. Sijui ni lini mara ya mwisho wale wawili walisimama bega kwa bega. Shangazi alijifunga polepole, akinung'unika kuhusu mkanda kuwa mfupi, akisema aproni inanukia achari, na kweli ilikuwa inanukia.

Shida ikawa upande. Ili isomeke ilivyoandikwa, mama mkwe alitakiwa kusimama kushoto kwetu sisi watazamaji, shangazi kulia kwetu. Shangazi hakutaka. Yeye ndiye mkubwa, akasema, na mkubwa hawekwi nyuma ya mstari wala mwisho wake; akatangulia, akasimama kushoto kabisa karibu na mlango, akauweka mkono wake begani mwa mama mkwe na kuitazama simu bila kupepesa. Hakuna aliyethubutu kumsogeza. Binti akapiga picha.

USIOKUMBUKWA MAMA HUNA WEMA.

Picha iliwekwa kwenye kundi la ukoo jioni ile ile, na waliobaki mijini wakaanza kuuliza kuna nini huko nyumbani, mbona wazee wanaandikana. Baba watoto akakaa barazani akaandika maelezo, marefu, yenye mkasi na sentimita na ngeli ndani yake. Jibu la kwanza lilitoka kwa mdogo wake aliyeko Mwanza. Aliuliza aproni hizo zinauzwa bei gani.